Kucheza na Kuhifadhi: Kutoka Isolo hadi Michezo ya Video Kandokando ya Ziwa Viktoria

1.0 Utangulizi

Kitenzi -cheza kina upana mkubwa katika Kiswahili. Mtu hucheza ngoma, hucheza bao, hucheza mpira, na siku hizi hucheza gemu. Nomino mchezo, inayotokana na kitenzi hicho, hutaja kwanza jambo litendwalo, wala si kifaa kinachotumiwa kulitenda. Makala hii inaichukua maana hiyo kuwa msingi wa hoja yake: kuhifadhi mchezo ni kuhifadhi uwezo wa watu kuucheza. Hoja itafafanuliwa kwa kulinganisha isolo, mchezo wa jadi wa Wasukuma, na michezo ya video iliyoingia Mwanza katika miongo ya karibuni.

2.0 Mchezo Usio na Mwenyewe

Isolo ni mchezo wa jamii ya bao. Jina lake lina ndugu kandokando ya maziwa makuu: Wanyarwanda huuita mchezo wao igisoro. Yaelekea mashina -solo na -soro ni ya asili moja. Kinachotofautiana ni kiambishi cha ngeli na mbadilishano wa /l/ na /r/, ambao ni wa kawaida katika lugha za Kibantu. Jina hilo limevuka mipaka ya lugha na ya tawala bila kibali cha mtu. Anayetaka kucheza huchimba mashimo ardhini, akaokota kokoto au mbegu, akamtafuta mwenzake.

Hata hivyo, mashimo na kokoto havitoshi. Kanuni za mchezo zimo katika lugha. Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, lina istilahi zake: namua, mtaji, takata, nyumba, kichwa, kimbi. Asiyezifahamu hawezi kufuata maelezo ya mchezaji mahiri. Ndiyo maana de Voogt, katika tasnifu yake ya mwaka 1995 kuhusu umahiri wa bao, alilazimika kujifunza kwa mafundi wa Zanzibar waliokuwa hai. Bao la mbao lililowekwa kabatini bila istilahi hizo ni ubao uliochongwa tu.

Mwanza ina mfano mzuri wa uhifadhi unaozingatia jambo hili. Kituo cha Bujora, huko Kisesa, kilichoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada, kina makumbusho ya Wasukuma. Lakini zaidi ya vifaa vinavyoonyeshwa humo, ipo sikukuu ya Bulabo, ambapo vyama vya Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma mbele ya umati. Ngoma inahifadhiwa kwa kuchezwa.

3.0 Mchezo Uliofungiwa Ndani ya Mashine

Michezo ya video ina udhaifu ambao isolo haina. Haiwezi kuchimbwa ardhini. Programu yake husomwa na mashine maalumu tu. Mashine ikifa, au diski ikichakaa, mchezo hubaki bubu. Tiba iliyopo ni kuinakili programu hiyo na kutumia programu nyingine inayoiga mwenendo wa mashine ya zamani. Kwa ufundi, jambo hilo linawezekana. Kizuizi kikubwa ni sheria.

Ukubwa wa hasara umekwisha kupimwa kwingineko. Mwaka 2023 Video Game History Foundation ya Marekani ilionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa nchini humo kabla ya 2010 haipatikani tena madukani. Mwaka 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya nchi hiyo ilikataa ombi la kuziruhusu maktaba kuwafungulia watafiti michezo ya aina hiyo wakiwa mbali na majengo yake.

Kwetu hasara ina sura nyingine. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Kwa hiyo historia ya kiwambo kama chombo cha mchezo ni fupi, na mashahidi wake wengi wangali hai. Vijana wa Mwanza hawakuijua michezo hii kwa kumiliki mashine, bali kwa kulipia muda katika mabanda ya gemu, pedi mbili zikipokezanwa na watu kumi. Mshindi hubaki, aliyeshindwa huinuka. Wengine waliujua mchezo wa nyoka katika simu ya Nokia, ambao ulitolewa mara ya kwanza mwaka 1997. Mwaka 2012 jumba la Museum of Modern Art la New York lilianza kukusanya michezo ya video, ikiwamo Pac-Man na Tetris. Hakuna jumba la ng'ambo litakalotuhifadhia desturi za banda la gemu la Kirumba, wala maneno yaliyozaliwa humo.

4.0 Haki ya Kufurahia

Ibara ya 27 ya Tamko la Haki za Binadamu la 1948 inampa kila mtu haki ya kushiriki katika utamaduni na kufurahia sanaa. Ibara hiyohiyo inalinda maslahi ya mtunzi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataja haki ya kucheza. Kwa upande mwingine, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta pamoja na kazi za maandishi, kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Muda huo ni mara nyingi zaidi ya uhai wa diski. Mchezo utakapokuwa mali ya umma, huenda umma usiwe na chochote cha kurithi.

Yafaa kukiri kwamba ulinzi wa mtunzi si jambo la kubezwa, hasa sasa ambapo Watanzania nao wanabuni michezo. Lakini mchezo usiouzwa tena haumpunguzii mtunzi riziki ukichezwa katika maktaba isiyotafuta faida.

5.0 Hitimisho

Hatua tatu zinapendekezwa. Kwanza, wanafunzi wa isimu wakusanye lugha ya mabanda ya gemu sambamba na istilahi za isolo, maana wazee wa isolo wanapungua na mabanda nayo yanafungwa. Pili, wajibu wa kuwasilisha nakala za vitabu kwenye maktaba ya taifa upanuliwe ufikie michezo inayobuniwa nchini. Tatu, sheria iziruhusu bayana maktaba na makumbusho kuinakili michezo iliyoachwa na wenyewe, na kuwaruhusu wananchi kuicheza humo. Bila hatua hiyo ya tatu, mbili za mwanzo zitatupatia kabati la vifaa na kamusi ya maneno yasiyo na wasemaji.