Fahamu: Kwa nini kitambi ni hatari kuliko kinavyoonekana

Bado tunampongeza mtu kwa kunenepa: "Umependeza, mambo yako mazuri!" Pongezi hizi zinatuponza. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2022 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa na unene uliopitiliza.

Mafuta ya hatari zaidi si yale unayoweza kuyafinya kwa vidole chini ya ngozi. Ni yale yaliyojificha ndani ya tumbo, yakizunguka ini, kongosho na utumbo. Hayo hayajikalii tu: hutoa kemikali zinazoufanya mwili usiitikie vizuri insulini, sukari ikapanda kwenye damu, na taratibu kisukari cha aina ya 2 kikaingia. Presha nayo hupanda. Ini hujaa mafuta hata kwa asiyegusa pombe, na hatari ya kiharusi, shambulio la moyo na baadhi ya saratani, ikiwemo ya utumbo mpana, huongezeka.

Chukua futi ya fundi cherehani, toa pumzi kama kawaida, kisha pima tumbo katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Kipimo kikizidi nusu ya urefu wako, hatari imeongezeka. Lakini ipo habari njema, na inastahili kusikika zaidi: mwenye kilo 100 akipunguza kilo 5 hadi 10 tu, mara nyingi presha na sukari huanza kushuka. Usisubiri dalili; nenda kituo cha afya ukapimwe presha na sukari.