Mbio Zikiondolewa, Rekodi Huenda Wapi?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Limechapwa ili msomaji aweze kulifuata kwa macho, au kulirudia nyumbani kwake.

Wewe uliye na chaki, andika ubaoni maneno mawili: MAILI na MITA. Nawe uliye na daftari, litayarishe pamoja na kalamu yako, maana leo tutafanya hesabu kidogo. Ikiwa taa iko mbali, isogezeni karibu, ili hata mzee aliyeketi nyuma apate kuziona tarakimu.

Leo tutazungumza habari za mashindano makubwa ya mbio, na rekodi zinazowekwa katika mashindano hayo. Rekodi ni nini? Ni kipimo kilicho bora kuliko vyote vilivyopata kuandikwa. Katika mbio ni muda mfupi kabisa. Katika kuruka ni mruko mrefu kabisa. Mtu akikipita kipimo hicho, twasema amevunja rekodi.

Watu hupenda kuuliza, "Ni nani aliyevunja rekodi?" Lakini liko swali jingine ambalo haliulizwi sana. Mashindano yenyewe yakiondolewa, rekodi yake huenda wapi?

KUVUTA KAMBA NA KURUKA BILA KUKIMBIA

Michezo ya Olimpiki ya zamani ilikuwa na mambo ambayo leo hayamo. Kuvuta kamba, mchezo mnaoujua ninyi nyote tangu shuleni, ulikuwa mchezo wa Olimpiki tangu mwaka 1900 hata mwaka 1920. Timu ya mwisho kushinda ilikuwa ya polisi wa mji wa London. Baada ya hapo mchezo huo ukaondolewa, na polisi wale hawakupata tena nafasi ya kuutetea ushindi wao.

Vilevile palikuwa na miruko ya kusimama. Mrukaji hakuruhusiwa kukimbia kwanza. Alisimama kimya, miguu yote miwili pamoja, kisha akaruka. Bingwa wa miruko hiyo alikuwa Mmarekani, jina lake Ray Ewry. Mtu huyu aliugua polio utotoni, akaizoeza miguu yake mpaka ikapata nguvu kuliko ya watu wengine. Kutoka mwaka 1900 hata mwaka 1908 alipata medali 8 za dhahabu katika Olimpiki. Mwaka 1904 aliruka mbele mita 3 na sentimita 47.

Simameni kidogo. Mmoja wenu apime urefu huo sakafuni, aweke alama kwa chaki. Haya, kijana mwenye nguvu na ajaribu, bila kukimbia. Mmeona? Si mchezo.

Basi baada ya mwaka 1912 miruko hiyo haikuwamo tena katika Olimpiki. Medali za Ewry zimebaki katika vitabu, lakini leo ni wachache wanaolijua jina lake. Si kwamba alishindwa na mtu. Mlango ulifungwa nyuma yake.

KWA NINI MASHINDANO HUONDOLEWA?

Sababu ziko nyingi. Pengine nchi zinazoshiriki ni chache. Pengine fedha hazitoshi. Pengine mbio ni za wanaume tu, na hakuna za wanawake zilizo sawa nazo. Hii ni mojawapo ya sababu zilizowaondoa watembeaji wa kilomita 50, ambao walishindana kwa mara ya mwisho katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021.

Lakini iko sababu moja ambayo huenda hamkuifikiria, nayo ni kubadilika kwa kipimo. Hapa ndipo tunapofika kwenye maneno yetu mawili ya ubaoni.

KUTOKA MAILI KWENDA MITA

Zamani Waingereza na nchi zilizokuwa chini yao walipima mbio kwa yadi na maili. Yadi moja ni sentimita 91 na kidogo. Maili moja ni yadi 1760, yaani mita 1609. Michezo ya Jumuiya ya Madola, iliyoanza mwaka 1930, ilifuata vipimo hivyo.

Mbio za maili moja zilipendwa kuliko zote. Kwa miaka mingi watu walisema kwamba binadamu hawezi kuzimaliza chini ya dakika 4. Tarehe 6 Mei mwaka 1954, Mwingereza Roger Bannister alizimaliza kwa dakika 3 na sekunde 59 na kidogo. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule, huko Vancouver nchini Kanada, alishindana na John Landy wa Australia katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Landy alikuwa mbele. Karibu na mwisho aligeuza kichwa kumtazama mwenzake upande wa kushoto, na Bannister akampita upande wa kulia. Wote wawili walimaliza chini ya dakika 4.

Katika michezo hiyo hiyo ya Vancouver Kenya ilishiriki kwa mara ya kwanza. Nyandika Maiyoro alikuwa wa nne katika mbio za maili 3. Watu wakaanza kuuliza huyu ametoka wapi. Mwaka 1962, huko Perth nchini Australia, Seraphino Antao wa Mombasa alishinda yadi 100 na yadi 220. Zilikuwa medali za kwanza za dhahabu za Kenya katika michezo hiyo.

Kisha ukaja mwaka 1966, huko Kingston nchini Jamaika. Naftali Temu alishinda maili 6. Kipchoge Keino alishinda maili 3, na maili moja pia. Maili hiyo aliikimbia kwa dakika 3 na sekunde 55, akaivunja rekodi ya michezo iliyowekwa na Bannister miaka 12 nyuma.

Miaka minne baadaye, mwaka 1970, michezo ilifanyika Edinburgh nchini Uskoti. Safari hii vipimo vilikuwa vimebadilishwa. Yadi na maili ziliondoka, mita zikaingia. Mahali pa maili moja zikawekwa mbio za mita 1500. Keino akashinda hizo nazo, kwa dakika 3 na karibu sekunde 37.

Mwaka 1976 chama cha riadha cha dunia kikaamua kutoandika tena rekodi za dunia za yadi na maili, isipokuwa moja tu: ile ya maili moja. Watu waliipenda mno, haikuwezekana kuitupa.

TUFANYE HESABU

Sasa shikeni kalamu. Mtu mmoja akisoma gazeti bila kuangalia vizuri atasema hivi: "Mwaka 1966 Keino alitumia dakika 3 na sekunde 55. Mwaka 1970 alitumia dakika 3 na sekunde 37. Basi kasi yake iliongezeka kwa sekunde 18!" Je, ni kweli?

Tuangalie. Dakika 3 na sekunde 55 ni sekunde 235. Dakika 3 na sekunde 37 ni sekunde 217. Toa, utabaki na 18. Hesabu ya kutoa ni sawa, lakini fikira si sawa, kwa sababu njia hazikuwa na urefu mmoja.

Maili ni mita 1609. Toa mita 1500. Zimebaki mita 109 ambazo Keino hakuzikimbia kule Edinburgh. Je, zingemchukua muda gani? Katika maili mna vipande 16 vya mita 100. Gawanya sekunde 235 kwa 16. Utapata karibu sekunde 15 kwa kila mita 100. Basi mita 109 ni kama sekunde 16.

Sasa toa 16 katika 18. Zimebaki sekunde 2 hivi tu. Hizo ndizo alizozidisha kweli. Nyingine zote ni ufupi wa njia, si wepesi wa miguu.

Ndiyo maana rekodi ya maili haiwezi kuvunjwa na mkimbiaji wa mita 1500, hata akiwa na tarakimu ndogo namna gani. Rekodi ya Keino ya Kingston ilibaki peke yake kama nyumba ambayo njia yake imefungwa. Kwa miaka mingi hakuna aliyeibomoa, na hakuna aliyeweza kuifikia.

REKODI YA MTU WA KARATU

Rekodi nyingine haikubaki hivyo, maana mbio zake ziliendelea. Tarehe 2 Februari mwaka 1974, huko Christchurch nchini New Zealand, Filbert Bayi wa Tanzania, mzaliwa wa Karatu, alikimbia mita 1500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Wakimbiaji wengi hujificha nyuma ya wenzao na kungoja mzunguko wa mwisho. Bayi hakungoja. Alikwenda mbele tangu mlio wa bastola, akabaki mbele mpaka mwisho. John Walker, mwenyeji wa New Zealand, alimfuata kwa nguvu zake zote huku watu wa kwao wakimshangilia, lakini hakumfikia.

Muda wa Bayi ulikuwa dakika 3, sekunde 32 na sehemu 2 za kumi. Ilikuwa rekodi ya dunia. Hata Walker, aliyekuwa wa pili, alikuwa ameipita rekodi ya zamani. Mwaka uliofuata, yaani 1975, Bayi akavunja na rekodi ya dunia ya maili moja, kwa dakika 3 na sekunde 51. Alifanya hivyo wapi? Kingston, mji ule ule aliposhinda Keino.

Rekodi za dunia za Bayi zilivunjwa baadaye na wengine. Lakini ile ya mita 1500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ilidumu miaka 48. Kila miaka minne vijana walikuja kuijaribu, wakarudi kwao. Ilivunjwa mwaka 2022 huko Birmingham nchini Uingereza, na Oliver Hoare wa Australia.

Basi ipi ina heshima zaidi: rekodi isiyoguswa kwa sababu mbio zake zimeondolewa, au ile iliyojaribiwa miaka 48 ndipo ikavunjwa? Jadilianeni darasani. Kila mtu atoe sababu yake, na wengine wamsikilize.

MLANGO UKIFUNGULIWA TENA

Jambo la mwisho. Mchezo ulioondolewa huweza kurudi. Mwaka 2024 waandalizi wa michezo ya Glasgow ya mwaka 2026 walitangaza kwamba, kwa ajili ya kupunguza gharama, michezo itakuwa 10 tu. Hoki, kriketi na raga ya wachezaji saba zikaachwa. Lakini walitangaza pia kwamba mbio za maili moja zitakuwamo, kwa mara ya kwanza tangu Kingston mwaka 1966.

Tena zilipangwa kuwa za wanaume na za wanawake. Hilo ni jambo kubwa. Zamani wanawake hawakuwa na mbio za maili katika michezo hiyo hata mara moja. Hawakuwa na rekodi ya kuvunja, wala ya kulinda. Mtu asiyeruhusiwa kuingia uwanjani, nani atajua kasi yake? Mwaka 2023 Faith Kipyegon wa Kenya aliikimbia maili huko Monaco kwa dakika 4 na sekunde 7 na kidogo, rekodi ya dunia ya wanawake. Kipaji kama hicho hakikuanza juzi. Kilichokosekana ni mbio zenyewe, na mtu wa kushika saa.

TUMEJIFUNZA NINI?

Huenda wewe hukimbii tena. Magoti yamechoka, shamba linakungoja. Lakini somo hili ni lako pia. Tarakimu peke yake haisemi kitu mpaka ujue imepimwa kwa nini. Wazee wetu walinunua kwa ratili, sisi twanunua kwa kilo. Ratili haifiki nusu kilo. Mtu akikuambia, "Zamani nyama ilikuwa shilingi kadha," muulize kwanza, "Kwa ratili au kwa kilo?" Na dawa ya mtoto ikiandikwa kijiko kimoja, soma tena: ni kijiko cha chai au cha chakula? Kosa la mkimbiaji ni sekunde chache. Kosa la dawa laweza kuleta msiba. Kwa hiyo unaposoma, usiishie kwenye namba. Soma na neno linaloifuata.

MASWALI

1. Maili moja ni mita ngapi?
2. Kwa nini muda wa Keino wa mwaka 1966 hauwezi kulinganishwa moja kwa moja na wa mwaka 1970?
3. Tangu mwaka 1974 hata 2022 ni miaka mingapi?
4. Taja sababu mbili zinazofanya mchezo uondolewe.

KAZI YA NYUMBANI: Tafuta nyumbani kwako vitu vitatu vilivyoandikwa namba. Andika namba hiyo pamoja na kipimo chake, kisha umsomee mtu wa nyumbani kwa sauti.

Wanafunzi wetu, saa yetu imekwisha. Futeni ubao, lakini maneno yale mawili yabaki vichwani. Kwaherini, na tuonane katika somo lijalo.