Je, Wajua? Breki ya Nyuma Inayopunguzwa Makali

Mwambie fundi wa mtaani breki ya nyuma haishiki, atachukua spana akaze. Fundi wa pikipiki za mashindano ya lami mara nyingi hufanya kinyume: anaipunguza nguvu kwa makusudi, na mwendeshaji anamshukuru.

Ukikamata breki ya mbele kwa nguvu, karibu uzito wote hukimbilia mbele. Gurudumu la nyuma hubaki likigusa lami kwa ncha, pengine linaning'inia hewani kabisa. Gurudumu lisilobeba uzito, likibanwa kidogo tu, linajifunga na mkia unakwenda upande.

Je, wajua kwamba makali hayo hupunguzwa kwa hesabu ya eneo la duara? Kalipa, ile taya ya chuma inayoibana diski, husukumwa na pistoni, na pistoni husukumwa na mafuta ya breki. Kadiri uso wa pistoni ulivyo mpana ndivyo inavyobana zaidi. Toa kalipa ya pistoni za milimita 34, funga ya milimita 30: kipenyo kimepungua milimita 4 tu, lakini nguvu ya kubana imeshuka kwa takriban asilimia 22, mguu ukikanyaga vilevile. Ndiyo maana simwamini fundi anayechagua kalipa kwa macho.

Wengine kalipa hawaigusi. Wanaondoa masta silinda, ile pampu ya mafuta inayosukumwa na pedali, ya milimita 12.7 na kuweka ya 14. Hapa upana hufanya kinyume: pedali inakuwa ngumu na fupi, nguvu inapungua karibu asilimia 18.

Je, wajua kwamba kwenye MotoGP, mashindano makuu ya dunia ya pikipiki za lami, diski za mbele ni za kaboni, ya nyuma ni ya chuma? Kaboni haishiki sawasawa mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi, na breki ya nyuma haifanyi kazi ya kupata moto huo.

Mbona basi wasiing'oe? Kwa sababu kazi yake si kusimamisha, ni kutuliza. Mwendeshaji anaigusa kidogo katikati ya kona ili pikipiki isitanue njia, anaigusa tena akitoka konani, gesi imefunguliwa, ili gurudumu la mbele lisinyanyuke. Tatizo ni kona ya kulia. Pikipiki ikilala upande huo, kiatu cha kulia kinakaribia lami na pedali ya breki haikanyagiki.

Jawabu la tatizo hilo lilitokana na mguu uliovunjika. Mwaka 1992 Mick Doohan wa Australia, akiongoza ubingwa wa dunia wa cc 500, alianguka Assen, Uholanzi, akavunjika mguu wa kulia. Matibabu yalikwenda vibaya, mguu ukawa hatarini kukatwa. Daktari wa Kiitalia, Claudio Costa, alimhamishia Italia na kuishona miguu yake miwili pamoja ili ule mzima uulishe damu ule mgonjwa. Doohan alirudi kabla msimu haujaisha, na huko Kyalami, Afrika Kusini, akaukosa ubingwa kwa pointi 4.

Mguu ulipona, lakini kifundo hakikurudi kukunjika kama zamani. Pedali ya breki haikumfaa tena. Mafundi wakamfungia kitufe kirefu upande wa kushoto wa usukani, kisukumwe kwa dole gumba, na mpira wa mafuta ukaenda hadi kalipa ya nyuma. Kuanzia 1994 hadi 1998 alitwaa ubingwa mara 5 mfululizo. Leo waendeshaji wenye miguu mizima kabisa wanafunga breki ya dole gumba. Anayetaka na pedali ibaki anaweza kuwekewa kalipa ya pistoni 4: mbili za mguu, mbili za kidole, kila jozi na njia yake ya mafuta.

Je, wajua kwamba kalipa ikifungwa kichwa chini, kutoa upepo ni shida? Hewa hupanda juu. Kama nati ya kutolea upepo imeelekea ardhini, utapampu mpaka jioni na pedali itabaki laini kama andazi. Kalipa hufunguliwa, ikageuzwa nati iangalie juu, kikawekwa kipande cha chuma kati ya pedi ili pistoni zisichomoke, ndipo upepo hutolewa.

Kalipa ikirudishwa, boliti zake kwenye pikipiki ya mashindano hutobolewa vichwani na kufungwa kwa waya, mtikisiko usije ukazilegeza.

Ila huku kupunguza makali ya breki ya nyuma usikupeleke kwenye bodaboda. Abiria wawili na gunia la viazi ni uzito uliokaa juu ya gurudumu la nyuma, na hapo breki ya nyuma ina kazi kubwa ya kweli.

Na je, wajua kwamba pikipiki za spidiwei, cc 500, gia moja, mafuta ya methanoli, hazina breki hata moja? Waendeshaji wanne wanazunguka uwanja wa vumbi kwa kushoto, mizunguko minne, na mwendo wanaupunguza kwa kufunga gesi na kuutelezesha mkia. Fundi wa kalipa akifika pale, anakaa jukwaani na watazamaji.