Damu Isukumayo Kimya

Ndugu zetu Waislamu, mzee mmoja wa hapa kwetu Ilongero aliacha vidonge vya shinikizo la damu kwa kuwa kichwa hakimwumi tena. Mwezi uliofuata alianguka uani akitia udhu, na hata leo mkono wake wa kulia hauinuki.

Moyo wa mtu mzima husukuma damu kiasi cha lita 5 kila dakika. Ukijikaza, damu hugonga kuta za mishipa kwa nguvu, nayo ndiyo namba ya juu aiandikayo daktari. Ukilegea, nguvu hupungua, ndiyo ya chini. Ya juu ikifika 140 au ya chini 90, ikawa hivyo kila ipimwapo, hayo ni maradhi. Mishipa huumia mwenyewe asihisi neno, hata mmoja uzibe au upasuke ubongoni. (Vijana wadhanio elimu hii ni ya kigeni na wajue kwamba Ibnu Nafisi, tabibu wa Kiislamu aliyefariki Misri mwaka 1288, alikwisha eleza damu ipitavyo mapafuni.)

Vidonge having'oi maradhi haya, huyazuia tu. Ramadhani ikikaribia, mgonjwa na amwulize daktari saa za kumeza, wala asiache kwa rai yake. Na chungu nacho kitiwe chumvi kidogo: kwa mtu mmoja, kijiko cha chai hakipitwi kwa siku nzima.