Mhudumu wa kujitolea kambini: kazi yake, mipaka yake, na jinsi ya kujiunga

Saa moja asubuhi, kabla jua la Turkana Magharibi halijawa kali, wahudumu wa afya wa kujitolea huanza kuzunguka katika bloki za kambi ya Kakuma na vijiji vya makazi ya Kalobeyei. Kila mmoja ana mkoba, daftari na utepe mwembamba wa kupimia mkono wa mtoto. Wengi wao ni wakimbizi wanaoishi katika bloki hizo hizo, au Waturkana wa vijiji vya jirani.

Kazi yao inajulikana kidogo sana. Wapo wakaazi wanaodhani mhudumu ndiye anayeamua nani apewe chakula na nani anyimwe. Wapo akina mama wanaomficha mtoto mgonjwa wakimwona anakuja. Na wapo vijana wetu waliomaliza kidato cha nne ambao wangependa kusaidia, ila hawajui waanzie wapi. Makala haya yanaeleza kazi hiyo ilivyo.

Kwa nini kaunti inahusika

Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992 kuwapokea watu waliokimbia vita nchini Sudan, miongoni mwao maelfu ya watoto waliofika bila wazazi. Baadaye walikuja wengine kutoka Somalia, Ethiopia, Kongo, Burundi na kwingineko. Makazi ya Kalobeyei yalifunguliwa mwaka 2016, baada ya jamii mwenyeji kukubali kutoa ardhi ya takriban hekta 1,500. Nia ilikuwa mkimbizi na mwenyeji watumie shule, zahanati na soko kwa pamoja. Mwaka 2018 Serikali ya Kaunti ya Turkana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) zilizindua mpango wa maendeleo wa eneo hilo, unaojulikana kwa kifupi kama KISEDP.

Leo wakimbizi zaidi ya 250,000 wanaishi Kakuma na Kalobeyei. Chini ya Katiba ya 2010, huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa kaunti, na ugonjwa haujui mpaka wa kambi. Kipindupindu kikizuka upande mmoja wa mto Tarach, upande wa pili hauko salama. Ndiyo sababu mhudumu anayetembea nyumba kwa nyumba kambini anamlinda pia mtoto wa mfugaji aliye nje ya kambi.

Kazi yenyewe

Kujitolea kambini kuna sura nyingi. Wapo wakalimani katika zahanati, kwa sababu mgonjwa mmoja anazungumza Kidinka, wa pili Kisomali, wa tatu Kirundi, na daktari hawezi kuzijua lugha zote. Wapo walimu wasaidizi, wasimamizi wa vituo vya maji, na wanaofuatilia usalama wa watoto wasio na wazazi. Lakini wanaoonekana zaidi ni wahudumu wa afya.

Chukua mfano wa utepe. Mhudumu huuzungusha kwenye mkono wa kushoto wa mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano, katikati ya bega na kiwiko. Ukisoma sentimita 12.5 au zaidi, rangi ni kijani na mtoto yuko sawa kwa kipimo hicho. Kati ya 11.5 na 12.5 ni manjano: mtoto ameanza kudhoofika na anahitaji kuingizwa kwenye mpango wa lishe. Chini ya 11.5 ni nyekundu, na mtoto huyo anapaswa kufikishwa kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mhudumu pia hubonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba kwa sekunde tatu. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, huo ni uvimbe wa utapiamlo mkali, hata kama utepe unaonyesha kijani.

Kipimo hicho huchukua dakika chache. Mtoto akigunduliwa akiwa manjano, mara nyingi hutibiwa akiwa nyumbani kwao. Akifichwa mpaka awe mahututi, atalazwa, na huenda akachelewa kabisa. Mama anayemficha mtoto kwa kuona haya au kwa kuogopa kulaumiwa anapoteza siku ambazo mtoto hana.

Zaidi ya utepe, mhudumu hufuatilia chanjo, huwakumbusha wajawazito kliniki, na hutoa chumvi ya kuongeza maji mwilini kwa anayeharisha. Akiona watu kadhaa wa bloki moja wanaharisha majimaji, huripoti mara moja bila kungoja mwisho wa wiki.

Asichoweza kufanya

Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilipunguza mgao wa chakula kwa sababu ya uhaba wa fedha, kisha familia zikawekwa katika makundi kulingana na mahitaji. Uamuzi huo uliwagusa watu vibaya, na hasira nyingi ziliangukia aliye karibu. Mhudumu wa kujitolea yuko karibu kuliko wote: anaishi mlango wa tatu na kila mtu anajua jina lake.

Ni vizuri ieleweke wazi. Mhudumu wa afya hapangi makundi ya mgao. Hawezi kuongeza jina kwenye orodha wala kuliondoa. Hatoi hadhi ya ukimbizi, kazi ambayo ni ya serikali kupitia Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Hapeleki mtu Marekani wala Kanada. Anachoweza ni kusikiliza, kupima, kuandika, na kukuelekeza kwenye ofisi au kituo kinachohusika. Aliyewekwa kwenye kundi lisilomfaa anapaswa kupeleka rufaa kwenye madawati ya malalamiko ya mashirika husika, na mhudumu anaweza kumwonyesha njia.

Huduma hizi zote ni bure. Kupimwa, kuandikishwa, kuelekezwa zahanati na kukata rufaa havilipiwi. Yeyote anayedai pesa, zawadi au uhusiano wa kimapenzi ili akusaidie, hata akiwa amevaa koti la shirika, anavunja sheria. Ripoti kwenye dawati la malalamiko, kwa polisi au kwa kiongozi wa bloki unayemwamini. Anayeripoti hapaswi kupoteza huduma yake.

Suala la malipo

Swali huulizwa kila mara: je, wahudumu hawa wanalipwa? Wengi hupata malipo madogo ya kila mwezi yanayoitwa motisha. Mkimbizi anahitaji kibali ili aajiriwe rasmi, na wengi hawana, kwa hivyo mashirika hutumia utaratibu huo. Kiasi chake ni kidogo kuliko mshahara wa Mkenya anayefanya kazi ya aina hiyo hiyo, na wahudumu wamelilalamikia jambo hili kwa miaka mingi. Malalamiko yao yana msingi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imefungua njia pana zaidi ya mkimbizi kufanya kazi na kujitegemea, lakini safari kutoka kwenye sheria hadi mfukoni bado ni ndefu.

Hadi hapo, heshima ni sehemu ya malipo ambayo kila mmoja wetu anaweza kutoa. Mfungulie mhudumu mlango. Mwambie ukweli kuhusu idadi ya watoto na hali yao. Usimtukane kwa uamuzi uliofanywa mbali naye.

Ukitaka kujitolea

Kwa mkimbizi, anza na kiongozi wa bloki na mbao za matangazo za mashirika, ambako nafasi hubandikwa. Kwa mwenyeji, uliza katika ofisi ya chifu, ofisi ya msimamizi wa wadi au kituo cha afya kilicho karibu. Unaweza pia kujiandikisha katika tawi la kaunti la Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ambalo huwapa wanachama mafunzo ya huduma ya kwanza. Kwa anayetoka nje ya eneo hili, fahamu kwamba huingii kambini bila kibali cha Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, hata nia yako iwe njema kiasi gani.

Tarajia kuombwa kitambulisho, cheti cha mwenendo mwema na sahihi yako kwenye kanuni za maadili. Lugha ya pili au ya tatu ni mtaji mkubwa. Cheti cha chuo kinasaidia, lakini kwa kazi ya nyumba kwa nyumba, kinachohesabiwa zaidi ni mtu anayeaminika na majirani na asiyetoboa siri ya mgonjwa.

Kwa wanaotaka kuchanga vitu, tunaomba jambo moja: usigawe maziwa ya unga ya watoto kutoka kwenye gari. Maziwa hayo yanahitaji maji safi, kuni za kuchemshia na chombo kisicho na uchafu, na vyote hivyo ni adimu kambini. Mtoto akinyweshwa maziwa yaliyochanganywa na maji machafu ataharisha. Na mkebe ukiisha baada ya wiki mbili, huenda maziwa ya mama nayo yamepungua. Pia usiwapige picha watoto na kuzisambaza. Baadhi yao wana watu wanaowatafuta kwa ubaya. Peleka mchango wako kwa shirika linalojua nani anahitaji nini.

Mhudumu akibisha kwako kesho asubuhi, haitachukua zaidi ya dakika kumi. Mlete mtoto nje, hata yule aliyelala kwa sababu hana nguvu. Huyo hasa ndiye aliyemfuata.