Udongo mweusi wa Bugarama: Neema ya mpunga, mtihani wa mjenzi

CYANGUGU, Rwanda – Anayetoka Cyangugu, wilayani Rusizi, kushuka bonde la Bugarama huona ardhi ikibadilika rangi. Milimani, chai ya Shagasha imeota kwenye udongo mwekundu. Bondeni kuna mpunga na udongo mweusi, ambao mvua zikikatika hupasuka nyufa.

Udongo huo wa aina mbili una jamaa mmoja: ulanga, madini yanayong’aa na kubanduka kama kurasa za kitabu.

Mwaka 1930, mwanakemia Linus Pauling wa Marekani alieleza jinsi ulanga ulivyojengeka. Atomi za silikoni na oksijeni huungana kuwa karatasi nyembamba mno. Karatasi mbili za aina hiyo huibana katikati karatasi ya aluminiamu, na hilo ndilo tabaka moja. Tabaka na tabaka hushikwa na potasiamu, na maji hayapati pa kupenya.

Udongo mweusi una smektiti. Tabaka zake zimepangwa kama za ulanga, ila zimeshikana kwa ulegevu. Maji yakiingia kati yake, udongo huvimba. Jua likiwaka, husinyaa.

Udongo mwekundu wa milimani una kaoliniti kwa wingi. Hapa karatasi ya silika ni moja na ya aluminiamu moja, na tabaka zimekazana. Haivimbi, lakini hushika virutubisho vichache, ndiyo maana shamba lake hudai mbolea.

Kwa mkulima wa mpunga, kuvimba ni neema: udongo ukilowa hujifunga, na maji hukaa jarubani. Kwa mwenye nyumba ni hasara. Msingi mfupi huinuliwa wakati wa mvua, hushuka kiangazi, na mwishowe kuta hupasuka.

Tatizo hilo si la Rusizi pekee. Nchini Kenya, udongo wa namna hiyo huotesha mpunga wa Mwea, lakini jijini Nairobi wajenzi huuchimba na kuuondoa kabla ya kumwaga zege.

Anayenunua kiwanja bondeni basi akikague wakati wa kiangazi. Akiona nyufa pana ardhini, achimbe msingi hadi kuipita sehemu inayolowa na kukauka, na maji ya paa ayaelekeze mbali na kuta. Gharama hiyo ni ndogo kuliko ya kujenga mara mbili.