Magari Madogo ya Plastiki na Mvuke wa Gundi

Vifurushi vya magari ya plastiki ya kuunganisha, vya kipimo cha 1:25, vilivyoenea Marekani tangu miaka ya 1950, leo husakwa na wakusanyaji kama vito. Hatari imo katika gundi. Gundi nyingi za zama hizo zilikuwa na tolueni, kimiminika kinachoyeyusha polistaireni ili vipande vishikamane. Mvuke wake hupitia mapafuni hadi kwenye ubongo, ukaleta kizunguzungu na maumivu ya kichwa; ukivutwa kwa makusudi, waweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuua ghafla.

Mwundaji na afungue madirisha, na gundi iwekwe mbali na watoto. Naye mhudumu wa afya, akimpokea mgonjwa ambaye kichwa humpoa kila atokapo nje, amwulize: nyumbani hujishughulisha na nini?